Mavazi ya Waturkana: Ngozi, Shanga, Shuka na Kanzu ya Mtawa

Mavazi ya Waturkana ni ngozi, shanga, vyuma, nguo za kufumwa na mapambo ya nywele yanayovaliwa na wafugaji na wavuvi wa kaskazini-magharibi mwa Kenya, kuanzia Kakuma na Lodwar hadi Kalokol, kwenye Ghuba ya Ferguson, ufukwe wa magharibi wa Ziwa Turkana. Ni nchi kame: mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 250, na joto la mchana huzunguka nyuzi 35. Mavazi yake yamesimama juu ya mambo matatu: hali ya hewa, mifugo, na nafasi ya mtu katika jamii. Mavazi ya wageni nayo, ikiwemo kanzu ya mtawa, yalidumu pale tu yalipoyaheshimu mambo hayo.

Mapambo ya kale

Desturi ya kujipamba kandokando ya ziwa hili imewatangulia Waturkana wenyewe kwa maelfu ya miaka. Huko Lothagam, kusini-magharibi mwa ziwa, wafugaji wa miaka takriban 5,000 iliyopita walijenga makaburi ya pamoja yaliyozungukwa na nguzo za mawe. Watafiti waliotoa matokeo yao mwaka 2018 walikadiria kuwa watu wasiopungua 580 walizikwa hapo, wakubwa kwa wadogo, na karibu kila mmoja alikuwa na pambo: shanga za ganda la yai la mbuni, vito vya rangi, pete za meno ya kiboko. Marehemu mmoja alikuwa na pambo la kichwa lililotengenezwa kwa meno 405 ya panya wadogo wa jangwani. Aliyelitengeneza alikusanya meno ya wanyama zaidi ya mia moja na kuyapanga moja baada ya jingine; hiyo ni kazi ya subira, ya jamii iliyolithamini pambo.

Ngozi

Vazi la msingi la Waturkana lilikuwa ngozi ya mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia. Ngozi ilikwanguliwa nyama na manyoya, ikasuguliwa kwa mafuta mpaka ikalainika, kisha mara nyingi ikapakwa udongo mwekundu. Mafuta yaliizuia isikauke na kupasuka juani. Wanawake walivaa ngozi ndefu iliyofunika nyuma kuanzia kiunoni, na kipande kingine mbele. Kipande cha mbele cha msichana kilishonewa shanga nyeupe za ganda la yai la mbuni, kila moja ikiwa imekatwa, ikatobolewa na kusuguliwa mpaka ikawa duara. Mwanamume alitosheka na ngozi moja iliyotupwa begani, na wengi walitembea bila vazi lolote pasipo kuonekana wamekosa heshima.

Heshima ya mwanamume ilionekana kwenye vitu vingine. Nywele zake zilifinyangwa kwa udongo, zikapakwa rangi na kuchomekwa manyoya ya mbuni. Mkononi alivaa *abarait*, kisu cha duara kinachozunguka kifundo, na alibeba *ekicholong*, kigoda kidogo cha mti. Kigoda hicho ni kiti mchana na mto usiku: hukiinua kichwa ili nywele zile zisiharibike.

Shanga na vyuma

Shanga za kioo zilifika kwa misafara ya biashara, na wanawake wakazifanya ukosi mnene wa nyuzi nyingi unaopanda kutoka mabegani hadi kidevuni. Mwanamke aliyeolewa hutambulika pia kwa pete ya chuma shingoni. Wahunzi walitumia chuma, shaba na, baadaye, alumini ya sufuria kuukuu. Kwa mapambo haya mwenyeji akimwona mwanamke kwa mbali hujua kama ni msichana au mke wa mtu kabla ya salamu.

Nguo ya dukani

Nguo ya pamba ilitangulia kufika Afrika Mashariki ikiwa fedha ya biashara. Merikani, kitambaa kizito cha viwanda vya Massachusetts, kilienea kutoka Zanzibar hasa baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sultani Said na Marekani. Msafara wa wavumbuzi Teleki na von Höhnel uliofika ziwani Machi 1888 ulitokea Pangani ukiwa na wapagazi wa pwani na mfanyabiashara Jumbe Kimemeta. Nguo na shanga ndizo zilizowanunulia wasafiri chakula na njia.

Waingereza waliitiisha Turkana kwa nguvu, ikiwemo operesheni ya Labur ya mwaka 1918, kisha wakaifanya wilaya iliyofungwa: hakuna aliyeingia bila kibali. Maduka yalikuwa machache, hivyo ngozi ikatawala muda mrefu kuliko sehemu nyingine za Kenya.

Mageuzi yaliharakishwa na njaa ya mwaka 1960 na 1961. Waliopoteza mifugo walikusanywa kwenye kambi za misaada, na wengine wakafundishwa uvuvi wa nyavu kwenye Ghuba ya Ferguson. Aliyefiwa na mbuzi wake alipoteza maziwa, mahari, na pia ngozi ya kuvaa. Shuka ikachukua nafasi hiyo, ila ilivaliwa vilevile ngozi ilivyovaliwa: fundo moja begani kwa mwanamume, na kwa mwanamke nguo ya kuzungushia mwilini chini ya ukosi wa shanga. Miguuni wakavaa akala za tairi.

Kanzu ya mtawa

Mwaka 1961, katika njaa hiyohiyo, mapadri wa Shirika la Mtakatifu Patrik kutoka Kiltegan, Ireland, waliingia Turkana. Masista Wamisionari Waganga wa Maria wakawafuata. Walikuja na urithi wa mavazi ya kitawa ulioanzia mbali. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6, sura ya 55, inaagiza kwamba nguo zitolewe kulingana na mahali na hali ya hewa, kwenye baridi zaidi na kwenye joto pungufu; mmonaki asilalamikie rangi wala ugumu wa kitambaa, bali avae kinachopatikana kwa bei nafuu katika nchi anayoishi. Nguo mbili na majoho mawili zinamtosha, na kuukuu zirudishwe kwa ajili ya maskini. Katika monasteri za Uingereza ya enzi za kati, kama Durham, alikuwapo ofisa maalumu wa mavazi, na hesabu zake za vitambaa zimehifadhiwa mpaka leo.

Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliirudia hekima hiyo katika hati ya *Perfectae Caritatis*: vazi la mtawa liwe la kawaida, la staha, lifae afya, mahali na kazi. Katika nchi ya nyuzi 35 agizo hilo lilikuwa na uzito wa pekee, na gauni jepesi lenye shela fupi likawa vazi la kawaida la masista.

Kakuma

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, imeongeza ukurasa mwingine. Vitenge vya Wakongo, baati za Wasomali, shuka za Waethiopia na nguo za Wasudani Kusini hukutana katika soko moja, na Wasalesiani wa Don Bosco wamefundisha humo ushonaji.

Kumbukumbu

Mengi yaliyoandikwa juu ya mavazi haya yameandikwa na wageni: vitabu vya von Höhnel, michoro ya Joy Adamson, vitu vilivyowekwa Pitt Rivers Museum huko Oxford. Tamasha la Tobong'u Lore mjini Lodwar huyaonyesha hadharani, lakini onyesho la siku chache halitoshi. Tunajua alichovaa mmonaki wa Durham kwa sababu nguo yake iliandikwa daftarini. Shule, parokia na makumbusho za Turkana zina wajibu wa kufanya hivyo kwa vazi la ngozi: ziandike ni mnyama gani, nani alilitengeneza, kwa njia gani na kwa ajili ya nani, wakati wazee wanaoijua kazi hiyo bado wapo.