Mfupa wa Machozi na Dawa ya Macho Mchana wa Ramadhani

Kila Ramadhani hapa Kinoo swali hili halikosi baada ya tarawehe: nimetia dawa ya macho mchana, kisha nikasikia uchungu kooni, je, saumu yangu ipo? Wengine hata hawaulizi. Wanaiacha dawa mwezi mzima, kimyakimya. Mwenye presha ya macho akifanya hivyo anahatarisha kuona kwake, manake neva ya jicho ikishakufa hairudi.

Hebu gusa kona ya jicho, upande wa pua. Ndani kidogo ya hapo kuna mfupa mdogo kuliko yote ya uso, kama ukucha wa kidole cha mwisho, mwembamba kama karatasi. Ndio mfupa wa machozi. Una kijifereji, na humo kimelala kifuko kinachopokea machozi na kuyateremsha puani. Kwa hivyo imamu akirefusha kunuti nusu ya pili ya Ramadhani na watu wakalia, msikiti mzima huvuta makamasi. Dawa nayo hupita njia hiyo hiyo mpaka kooni.

Matabibu waliijua njia hii zamani. Galen, Myunani wa karne ya 2, aliiandika kabla ya Uislamu, kwa hivyo tusijisifu kwamba tulianza sisi (tunapenda sana hilo!). Lakini waliomfuata waliifanyia kazi. Kule Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki karibu mwaka 1013, alieleza tiba ya mtu ambaye kona ya jicho lake inatoa usaha bila kupona: achomwe kwa chuma cha moto, na ikishindikana mfupa utobolewe ili usaha upate njia puani. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona alikigeuza kitabu chake cha upasuaji kwa Kilatini, Ulaya ikakisoma kwa karne nyingi. Mwaka 1904 Addeo Toti wa Italia akaeleza operesheni ya kuondoa kipande cha mfupa na kuunganisha kifuko na pua. Wazo lile lile, na bado linatumika leo.

Mafaqihi nao walifika hapo kupitia wanja. Wamaliki walisema ukifika kooni saumu imeharibika. Mashafii, madhehebu ya wengi wetu Afrika Mashariki, walisema jicho si tundu la wazi, kwa hivyo haiharibiki hata ladha ikisikika. Mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi, kikao cha Jeddah, lilitaja matone ya macho yenyewe: hayabatilishi, maadamu mtu anaepuka kumeza kilichofika kooni.

Ukishatia tone, funga jicho, bonyeza ile kona taratibu dakika mbili hivi. Dawa itabaki jichoni inakohitajika. Ukiwa bado na shaka, muulize sheikh, na daktari pia, kama saa za dawa zinaweza kusogezwa hadi futari na daku. Hospitali ya Kikuyu ina kitengo cha macho, na kutoka Kinoo ni matatu moja tu.