Kutoka Chumba cha Mashine hadi Mezani: Historia ya Udhibiti wa Kelele na Mtetemo wa Pampu katika Kompyuta Zinazopozwa kwa Maji

1.0 Utangulizi

Kompyuta inayopozwa kwa maji husifiwa kuwa tulivu kwa asili yake. Dai hilo ni kweli kwa sehemu tu. Maji huchukua joto kutoka kwenye prosesa na kulipeleka kwenye rejeta pana, ambako feni kubwa zinazozunguka polepole huliondoa bila kelele nyingi. Hata hivyo, maji hayajisukumi yenyewe. Yanahitaji pampu, nayo pampu ni mashine yenye mota na beringi, inayotoa mvumo na mtetemo ambao haumo katika kompyuta inayopozwa kwa hewa pekee. Makala haya yanachunguza namna tatizo hilo lilivyokabiliwa tangu miaka ya 1960 hadi kuenea kwa vipozaji vilivyofungwa kiwandani. Hoja kuu ni kwamba historia ya utulivu wa pampu ni historia ya umbali baina ya pampu na sikio. Kila pampu iliposogezwa karibu na mtumiaji, umbali uliopotea ulipaswa kufidiwa kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya fidia hiyo ilitoka mikononi mwa watumiaji wenyewe.

2.0 Pampu katika Chumba cha Mashine

Katika kompyuta kubwa za IBM, maji yalitumika kwa sababu ya joto, si kwa sababu ya utulivu. Katika System/360 Model 91 ya miaka ya 1960, hewa iliyopita kwenye bodi ilipozwa kwa vibadilisha joto vyenye maji. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilitangaza modeli ya 3081, ambayo moduli zake, zilizojulikana kwa kifupi kama TCM, zilikusanya chipu zaidi ya 100 kwenye kigae kimoja cha kauri. Pistoni ndogo zenye springi ziligusa mgongo wa kila chipu ndani ya gesi ya heliamu, na joto likaishia kwenye bamba lililopitishiwa maji.

Pampu za mfumo huo zilikaa katika kabati la kusambaza maji, mbali na chipu zenyewe. Chumba kizima kilikuwa na viyoyozi na mashine za kuchapa, na watu walioingia humo walikuwa wachache. Hivyo basi, kelele ya pampu haikuwa tatizo la kiusanifu. Umbali na kuta viliimaliza bila mhandisi kuifikiria. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, chipu za CMOS zenye joto dogo zaidi ziliiwezesha IBM kurudi kwenye hewa, na pampu zikaondoka kwa muda.

3.0 Pampu ya Tangi la Samaki

Maji yalirejea kupitia mlango wa nyuma. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya Celeron 300A, ambayo wapenzi wa kompyuta waligundua kuwa mara nyingi ingeweza kuendeshwa kwa MHz 450 badala ya 300. Mwelekeo huo wa kuzidisha kasi ulizidisha pia joto, na baadhi yao wakageukia maji. Kwa kuwa vifaa maalumu vilikuwa haba, walikusanya vilivyokuwapo: rejeta ndogo za vipasha joto vya magari, mipira ya maji, na pampu za matangi ya samaki wa mapambo, zikiwamo za kampuni ya Eheim ya Ujerumani.

Pampu hizo zilitumia mkondo geu wa umeme wa nyumbani. Mota ya aina hiyo hufuata mapigo ya umeme: katika nchi zenye umeme wa Hertz 50, nguvu ya sumaku hupiga mara 100 kwa sekunde, na mara 120 katika nchi zenye Hertz 60 kama Marekani. Ndani ya tangi, maji na vikombe vya raba vya kunyonya vilizuia mapigo hayo. Pampu ilipofungwa kwa skrubu kwenye kasha la kompyuta, bamba jembamba la chuma liliyapokea na kuvuma mithili ya ngozi ya ngoma. Isitoshe, mwendo wa pampu haukuweza kupunguzwa, kwa kuwa uliamuliwa na umeme wa gridi.

Mtumiaji alibakiwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuitenganisha pampu na kasha kwa kuilaza juu ya sponji, au kuining'iniza, na kuiunganisha kwa mipira laini badala ya mabomba magumu. Ya pili ilikuwa kuondoa hewa, kwani kiputo kinachopita kwenye mapezi ya pampu hutoa sauti ya kukwaruza ambayo hakuna sponji inayoweza kuiondoa. Kompyuta iliinamishwa huku na huku, na tangi la akiba likawekwa juu ya pampu, ili viputo vipande na kutoka.

4.0 Mkondo Mnyoofu na Hesabu ya Mtetemo

Hatua iliyofuata ilikuwa kupokelewa kwa pampu za volti 12 za mkondo mnyoofu, hasa D5 na DDC za kampuni ya Laing ya Ujerumani. Katika D5, sehemu inayozunguka huegemea kigololi kimoja cha kauri, bila mhimili unaopenya ukuta wa pampu. Muhimu zaidi, toleo lake lenye kirekebishi liliweza kuendeshwa kati ya mizunguko 1,800 na 4,800 kwa dakika, yaani Hertz 30 hadi 80. Kwa mara ya kwanza mtumiaji aliweza kununua utulivu kwa kupunguza mwendo.

Hata hivyo, kupunguza mwendo pekee hakukutosha. Nguvu inayotokana na uzito usiolingana katika sehemu inayozunguka hupungua kwa kipeo cha pili cha mwendo; ikishuka kutoka Hertz 80 hadi 30, hubaki takriban sehemu moja ya saba. Lakini pedi ya raba huanza kuzuia mtetemo pale tu mtetemo huo unapozidi takriban mara 1.4 ya mtetemo wa asili wa pampu ikiwa juu ya pedi. Ikichukuliwa pedi yenye mtetemo wa asili wa Hertz 20, katika hali ya nadharia hupitisha sehemu moja ya 15 ya nguvu kwa Hertz 80, na takriban asilimia 80 kwa Hertz 30. Matokeo yake ni kwamba pampu ya polepole inaweza kupeleka mtetemo mwingi zaidi mezani kuliko ile ya kasi, ingawa sikio huusikia kwa unyonge kwa sababu ni mzito.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini sponji nene na jeli zilishinda vipete vya raba. Ili kupata mtetemo wa asili wa Hertz 10, pedi sharti ididimie takriban milimita 2.5 chini ya uzito wa pampu. Raba ngumu chini ya pampu nyepesi haididimii kiasi hicho. Aidha, skrubu moja iliyokazwa kupitia pedi hadi kwenye chuma hubatilisha kazi yote, kwa kuwa mtetemo hupata daraja.

5.0 Pampu Juu ya Prosesa

Mkondo mwingine ulianzia viwandani. Mwaka 2002 Hitachi ilitangaza kompyuta pakato inayopozwa kwa maji, na mwaka 2004 Apple ikatoa Power Mac G5 ya GHz 2.5 yenye kipozaji cha kimiminika. Asetek, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa mwaka 2000, iliunganisha pampu na bamba la kupozea kuwa kitu kimoja. Mwaka 2009 muundo wake uliuzwa kwa jina la Corsair H50, ukiwa umejazwa na kufungwa kiwandani.

Muundo huo uliwaondolea watumiaji kazi ya kujaza maji, lakini ulizua mgongano. Bamba la kupozea sharti likandamizwe barabara juu ya prosesa ili joto lipite, ilhali pampu inahitaji kulegezwa ili mtetemo usipite. Pampu inapokuwa mgongoni mwa bamba, mahitaji ya joto hushinda, na sponji haina pa kuwekwa. Umbali ulifikia kikomo chake: pampu ilifungwa kwenye bodi kuu yenyewe. Kilichobaki mikononi mwa mtumiaji ni kupunguza mwendo na kuelekeza hewa. Rejeta ikifungwa chini ya pampu, hewa kidogo iliyomo hupanda na kukusanyika kwenye pampu. Sehemu ya rejeta ikiwa juu zaidi, hewa hukaa humo bila madhara.

6.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba utulivu si tabia ya maji bali ni matokeo ya mpangilio. Jambo hili lina uzito katika upimaji pia. Kiwango cha ISO 7779, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1988, hupima sauti inayosafiri hewani kutoka kwenye kifaa. Mtetemo unaopenya mezani na kuvuma mahali pengine ni suala tofauti. Mtafiti anayelinganisha vipozaji kwa desibeli pekee huihesabu pampu iliyotenganishwa vizuri na ile iliyokazwa kwenye bodi kana kwamba tofauti yao huishia hewani. Waliolaza pampu juu ya sponji hawakuacha hataza, lakini ndio waliotambua kwamba sehemu ya kelele hiyo husafiri kupitia chuma.