Uchinjaji wa punda nchini Kenya

Uchinjaji wa punda nchini Kenya ni biashara iliyoanza mwaka 2016 kwa ajili ya kuuza ngozi na nyama ya punda nje ya nchi, hasa China. Biashara hiyo ilizua mjadala kuhusu mateso ya wanyama katika vichinjio (huitwa pia machinjio), wizi wa punda na uwezo wa serikali kusimamia sheria zake. Ilipigwa marufuku mwaka 2020, lakini marufuku hiyo ilibatilishwa mahakamani mwaka uliofuata.

Usuli

Nchini Kenya punda hufugwa hasa kwa ajili ya kazi. Hubeba maji, kuni na mazao, na huvuta mikokoteni mijini na vijijini. Nyama yake hailiwi na Wakenya wengi, ingawa Waturkana huila.

Mwaka 2012 punda aliingizwa katika orodha ya wanyama wanaoweza kuchinjwa kwa ajili ya chakula chini ya Sheria ya Udhibiti wa Nyama. Kichinjio cha kwanza cha kuuza nje kilifunguliwa Mogotio, kaunti ya Baringo. Vingine vitatu vilifuata Naivasha, Machakos na Turkana.

Kilichotafutwa zaidi ni ngozi. Nchini China ngozi ya punda huchemshwa ili kupata ejiao, aina ya gelatini inayotumika katika dawa za jadi na vipodozi. Mwaka 2024 shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilikadiria kuwa biashara hiyo inahitaji ngozi milioni 5.9 kila mwaka duniani kote.

Hali ya wanyama

Mateso ya punda huanza kabla hawajafika kichinjioni. Wanyama walinunuliwa masokoni au kwa madalali, kisha wakaswagwa kwa miguu au kujazwa kwenye malori kwa safari ndefu, mara nyingi bila maji wala malisho. Watetezi wa wanyama walieleza pia kuhusu kupigwa kwa fimbo mazizini na kuchinjwa kwa punda wenye mimba.

Kwa kuwa ngozi ndiyo yenye bei, punda aliyekonda au kuumia bado huwa na thamani kwa mnunuzi. Hivyo soko lenyewe halimlazimishi mfanyabiashara kumtunza mnyama vizuri, na wajibu huo hubaki kwa sheria na wakaguzi.

Viwango vya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, ambalo Kenya ni mwanachama wake, vinataka wanyama wanaosubiri kuchinjwa wapate maji. Vinaeleza pia kuwa mnyama aliye katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba hapaswi, kwa kawaida, kusafirishwa wala kuchinjwa.

Usimamizi wa serikali

Idara ya Huduma za Mifugo ndiyo yenye jukumu la vichinjio vya kuuza nje. Kusafirisha mifugo huhitaji kibali, na Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama inakataza kumpiga mnyama kikatili au kumsafirisha kwa namna inayomletea mateso yasiyo ya lazima.

Hata hivyo, ukaguzi wa nyama umelenga zaidi afya ya mlaji kuliko hali ya mnyama aliye hai. Tena, punda wengi hawakupita mikononi mwa mkaguzi yeyote. Wamiliki waliripoti kuibiwa punda usiku, na baadhi yao walikuta mizoga vichakani ikiwa imechunwa ngozi. Punda waliripotiwa pia kuvushwa mpakani kimagendo kutoka nchi jirani. Kwa familia inayotegemea punda kuchota maji, wizi huo ulimaanisha kupoteza riziki, na mzigo ulirudi migongoni mwa wanawake na watoto.

Ripoti ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO) ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa punda 301,977, yaani asilimia 15.4 ya punda wote nchini, walichinjwa katika vichinjio vinne kati ya 2016 na 2018. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mmoja na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Kwa hiyo uchinjaji ulizidi uzazi, na ripoti ilionya kuwa punda wangeweza kumalizika nchini kufikia 2023.

Marufuku na kesi

Mwezi Februari 2020 Waziri wa Kilimo Peter Munya alitangaza marufuku ya kuchinja punda kwa biashara, baada ya malalamiko ya wafugaji na watumiaji wa punda. Mmoja wa wamiliki wa vichinjio alikwenda mahakamani, na Mei 2021 Mahakama Kuu ikabatilisha marufuku hiyo.

Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, waliidhinisha marufuku ya kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Utekelezaji wake unategemea sheria na usimamizi wa kila nchi mwanachama.