Siwa Mbili Chini ya Paa Moja

Nyumba ya ghorofa inayotazama bahari mjini Lamu ilikaliwa zamani na wakuu wa wilaya wa serikali ya kikoloni. Tangu mwaka 1971 imekuwa nyumba ya makumbusho, na ndani yake zimo siwa mbili ambazo mwanafunzi wa historia hana budi kuzitazama kwa makini.

Moja ni ya Pate, nayo imechongwa kwa pembe za ndovu, urefu wake umepita meta mbili. Ya pili ni ya Lamu, ya shaba, iliyonakishiwa kwa ustadi mwingi. Siwa haikuwa baragumu ya mchezo. Ililia atawazwapo mtawala au aozwapo mtoto wa waungwana, na mji usiokuwa na siwa ulihesabiwa mnyonge.

Basi si ajabu ndogo kuziona zimewekwa pamoja, maana wenyewe hawakupatana. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa yalishuka Shela, mwendo mfupi kutoka Lamu. Waamu waliwashinda. Husimuliwa kwamba maji yalikuwa yamekupwa, na washambulizi walipokimbilia vyombo vyao wakavikuta vimekwama mchangani. Hata hivyo Lamu iliogopa kisasi, ikaomba himaya ya Seyyid Said wa Oman. Naye akampeleka liwali wake. Hivyo Pate ilidhoofika, na Lamu nayo iliyoshinda ikapata bwana mwingine.

Mgeni huzistaajabia siwa hizi, kisha hupita upesi penye vitu vingine. Nadhani hukosea. Uko mfano wa mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, tanga lake mkeka. Viko pia vyombo vya majirani wa bara: Wapokomo wakulima wa Mto Tana, Waorma wafugaji, na Waboni wawindaji. Wengi huviona kama nyongeza tu ya habari za Waswahili. Lakini pembe ya siwa ilikuwa ya ndovu kabla ya kuwa ya mfalme, na ndovu hawakuwindwa katika sebule za waungwana. Biashara ya pembe katika miji hii iliwategemea wawindaji wa bara, Waboni miongoni mwao, ambao majina yao hakuna aliyeyachora juu ya siwa.