Sikio la aliyelala halifungwi

WATU wengi huamini kwamba mtu akishalala, ubongo wake nao huzimika kama taa. Tafiti za usingizi zinaonyesha vingine: macho hufumba, lakini sikio hubaki wazi, na ubongo huendelea kupima kila sauti iingiayo.

Sababu yake huenda ni ya kale sana. Katika kijiji cha Engaresero, wilayani Ngorongoro, chini ya mlima Oldonyo Lengai, majivu ya volkano yaliyoganda yamehifadhi nyayo zaidi ya 400 za binadamu, zenye umri wa kati ya miaka 5,000 na 19,000 hivi. Kwa watu waliolala nyikani penye wanyama wakali, kusikia usiku kulikuwa ndiko kupona.

Kusini-magharibi mwa hapo, kando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe wangali wanalala katika mazingira kama hayo. Mwaka 2017, watafiti walioongozwa na David Samson walitangaza matokeo ya kuwafuatilia watu wazima 33 kwa siku 20. Katika zaidi ya saa 200, ni kwa dakika 18 tu ambapo wote walikuwa wamelala fofofo kwa wakati mmoja. Karibu wakati wote palikuwa na mtu wa kuisikia hatari.

Hata aliyelala peke yake ana mlinzi huyo kichwani. Sehemu ya katikati ya ubongo, iitwayo thalamasi, huzuia sauti zisizo na maana, ila zenye maana huruhusiwa kupita. Mwaka 1960, Ian Oswald na wenzake walionyesha kwamba jina la mtu mwenyewe huusisimua ubongo wake usingizini kuliko majina mengine. Ndiyo maana mzazi aweza kuamshwa na kilio chembamba cha mwanawe, ilhali mvua iliyozoeleka juu ya bati haimshtui.

Ulinzi huo una gharama mjini. Kelele za baa, jenereta na pikipiki huongeza mapigo ya moyo na kuupunguza usingizi mzito, hata kama mlalaji haamki wala hakumbuki kitu asubuhi. Mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwa nchi za Ulaya kwamba kelele za nje usiku zisizidi desibeli 40.

Muziki nao huponya au hudhuru kutegemea namna unavyotumika. Mapitio ya tafiti 13 zilizohusisha watu 1,007, yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliona kwamba kusikiliza muziki kuliwasaidia wenye tatizo la kukosa usingizi kuhisi kuwa wanalala vizuri zaidi. Lakini utafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, uliotolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba wimbo unaonasa kichwani huweza kuendelea kuchezwa na ubongo usiku na kuuharibu usingizi.

Kwa hiyo, anayependa kulala na muziki achague ulio mpole, wa mwendo wa taratibu na wa sauti ya chini, kisha aweke redio izimike yenyewe. Redio iachwayo ikizungumza hadi alfajiri humfanya mlinzi wa ndani akeshe bure.