Safari ya Sikukuu Kupitia Kigongo: Swala ya Msafiri Baada ya Daraja

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Kila inapokaribia sikukuu inayoungana na Jumamosi na Jumapili, maswali ya aina moja hutufikia kutoka Mwanza. Vijana wanne au watano wanachangishana pesa ya mafuta, wanachukua gari la mmoja wao, wanatoka mjini Ijumaa asubuhi kupitia Usagara na Kigongo kwenda Geita, Chato, hata Bukoba, na kurudi Jumatatu. Njiani wanabishana. Mmoja anapunguza swala, mwingine anaswali rakaa nne, na wa tatu anasema swala ya msafiri ilikuwa ya enzi za kivuko, siku hizi kuna daraja na hakuna taabu tena. Kauli hii ya tatu ndiyo tunayotaka kuishughulikia zaidi, kwa sababu tumeisikia hata kwa watu wazima, na matokeo yake ni mtu kujinyima ruhusa aliyopewa na Mola wake, au kuichukua mahali ambapo si yake.

Kwa asiyepajua, Kigongo ipo wilaya ya Misungwi, kwenye ukingo wa Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo yake ni Busisi, wilaya ya Sengerema. Kwa miaka mingi aliyetoka Mwanza kwenda magharibi kwa barabara hii alisimama hapo kusubiri kivuko. Siku za sikukuu foleni ya magari ilikuwa ndefu, na mtu aliyetoka nyumbani mapema aliweza kukutwa na Adhuhuri akiwa bado upande wa Kigongo, anakula samaki wa kukaanga na kuhesabu magari yaliyo mbele yake. Ujenzi wa daraja ulianza mwaka 2020, na tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua. Ni Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, na gari hulivuka kwa dakika chache tu.

Je, dakika hizo chache zimeondoa ruhusa ya msafiri?

Hapana, na dalili yake ni ya zamani mno. Aya ya kupunguza swala katika Surat An-Nisaa (4:101) imeitaja safari pamoja na khofu ya kushambuliwa na makafiri. Baadaye amani ikaenea. Ya'la bin Umayya akamuuliza Umar bin Al-Khattab (r.a.) kwa nini watu bado wanapunguza ilhali wako salama. Umar akamjibu kwamba yeye mwenyewe lilimshangaza jambo hilo, akamuuliza Mtume (s.a.w.), naye akamfahamisha kuwa hiyo ni sadaka ambayo Allah amewapa waja wake, basi waipokee. Hadithi hii ameipokea Imamu Muslim. Ikiwa kuondoka kwa khofu, iliyotajwa ndani ya aya yenyewe, hakukuiondoa ruhusa, vipi iondolewe na kutoweka kwa foleni ambayo haikutajwa popote? Wanazuoni wa misingi ya fiqhi wanasema sababu ya hukumu ni safari yenyewe. Taabu ni hekima iliyomo ndani yake, na hukumu haipimwi kwa hekima. Anayekwenda Geita kwa gari lenye kiyoyozi ni msafiri, kama alivyo aliyekwenda juu ya ngamia. Na kinyume chake ni sahihi pia: anayebeba mizigo sokoni Mwanza kutwa nzima anataabika kuliko wote hao, lakini hapunguzi hata rakaa moja.

Basi swali la kujiuliza ni umbali. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo inayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, safari ya kupunguza ni marhala mbili, na wanazuoni wa leo wanazikadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Kinachohesabiwa ni kwenda tu, kurudi hakujumlishwi. Sasa tuipime barabara yetu. Kutoka mjini Mwanza hadi njia panda ya Usagara ni kama kilomita 20, kutoka Usagara hadi Sengerema ni kama 40, na kutoka Sengerema hadi Geita ni kama 50. Kwa hiyo anayeishi Mwanza akaenda kumtembelea shemeji yake Sengerema hajafikia kipimo, na anaswali kamili. Anayekwenda Geita amekipita, na wa Chato na Bukoba ndio zaidi.

Hapa kuna jambo la kuangaliwa kwa uadilifu. Wapo wanazuoni, akiwemo Ibn Taymiyya, wasioweka kipimo cha maili. Wao wanasema safari ni kile ambacho watu kwa ada yao wanakiita safari. Kwa anayefuata kauli hii, daraja linaweza kubadilisha jambo kweli, maana zamani mtu aliyekwenda Sengerema kwa kupitia Kigongo alifunga mzigo na kuaga, na leo anaweza kwenda asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana kwake. Ada ya watu ikibadilika, na jina la safari likaondoka, hukumu nayo inaondoka. Sisi tunaona kipimo cha masafa ndicho kinachowaondolea watu ubishi ndani ya gari moja, lakini hatumkosoi aliyefuata kauli nyingine kwa elimu.

Kuna watu ambao daraja limewabadilishia hukumu pasipo shaka: wakazi wa Kigongo na Busisi wenyewe. Wapo waliokuwa wakivuka kwa shughuli zao, wakizuiwa na foleni muda mrefu, na baadhi yao wakiambiwa wanaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri bila kupunguza kwa sababu ya dharura, kwa kutegemea hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahi kukusanya akiwa Madina pasipo khofu wala mvua. Ukusanyaji huo ulijengwa juu ya uzito wa haja, na wenye kauli hiyo wameshurutisha usifanywe mazoea. Uzito ulioletwa na kivuko umekwisha, basi nao umekwisha. Kila swala irudi kwenye wakati wake.

Msafiri wetu wa Geita anaanza kupunguza wapi? Akishayaacha majengo ya mji wake, si akiwa sebuleni anafunga begi. Kwa mtu wa Mwanza mjini, Mkuyuni, Nyegezi, Mkolani na Buhongwa yote ni mji mmoja uliounganika. Upande wa Usagara nyumba zinaongezeka kila mwaka na mpaka wake unasogea, hivyo kwa anayetaka kutoka kwenye shaka, Kigongo ni mahali pazuri pa kushika. Hapo ameshatoka mjini kwa hakika.

Na Kigongo hiyo hiyo ina kazi kubwa zaidi wakati wa kurudi. Mara nyingi wasafiri wanaahirisha Adhuhuri waiswali pamoja na Alasiri, wakisema wataswali wakifika nyumbani. Aliyeingia katika majengo ya mji wake kabla hajaswali, safari yake imekwisha. Hana tena kupunguza, ataswali nne na nne. Zamani kivuko kiliwalazimisha kusimama, wakapata nafasi ya kuswali wakitaka wasitake. Sasa gari linapita bila kusimama, na dereva anashtuka yuko Buhongwa. Anayetaka kuswali kama msafiri asimame Busisi au Kigongo, pembeni kabisa mwa barabara, na si juu ya daraja. Vilevile asisahau kwamba anayeahirisha lazima anuie kuahirisha kabla ya wakati wa swala ya kwanza kutoka. Kusahau tu hadi Alasiri ikaingia hakuitwi kukusanya.

Magharibi haipunguzwi, wala Alfajiri. Ndugu zetu wafuasi wa Imamu Abu Hanifa hawakusanyi safarini ila katika ibada ya Hija, basi mwenzenu wa madhehebu hiyo akiomba gari lisimame mara ya pili, msimamishieni bila kununa. Na mkiingia msikiti wa Geita mkaswali nyuma ya imamu mkazi, mtaswali nne kama yeye, hata kama mmemkuta katika rakaa ya mwisho. Hili wengi wanakosea: wanatoa salamu baada ya rakaa mbili na kumwacha imamu amesimama.

Tuje kwenye Ijumaa, kwa kuwa safari nyingi za namna hii huanza siku hiyo. Katika madhehebu ya Shafii, aliyewajibikiwa na Ijumaa haruhusiwi kusafiri baada ya kuingia Alfajiri ya siku hiyo, isipokuwa awe na uhakika wa kuipata njiani, au akibaki nyuma atapatwa na madhara. Wengine wameruhusu kuondoka kabla ya jua kupinduka. Hapa daraja limekuwa msaada: aliyetoka Mwanza saa tatu asubuhi hana sababu ya kuikosa Ijumaa ya Sengerema au Geita. Zamani uhakika huo haukuwepo. Njia iliyo salama zaidi ni kuondoka usiku kabla ya Alfajiri au kuswali Ijumaa Mwanza kisha kuondoka, na tunaipendelea hii ya pili, kwa sababu dereva aliyelala usiku ni bora kuliko aliyekesha.

Mkifika Bukoba Ijumaa usiku na kuondoka Jumatatu, bado ni wasafiri. Siku zinazokata safari kwa Shafii ni nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka. Mwenzenu aliyezaliwa huko lakini amehamia Mwanza na maskani yake yako Mwanza, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kwamba kuwa na ndugu huko hakumwondolei usafiri wake.

Kuhusu kibla, nchi hii ya ziwa ina wepesi wake. Ukiwa Mwanza, Makka ipo kaskazini, ukielekea mashariki kidogo kwa nyuzi kama 15, na hadi Bukoba haizidi nyuzi 20. Barabara ya kwenda Geita inaelekea magharibi kwa ujumla, kwa hiyo mkisimama pembeni kibla kipo upande wa kulia wa gari. Nyakati nazo ziangaliwe. Mwanza iko magharibi ya Dar es Salaam kwa kiasi cha kufanya jua lichelewe kama dakika 25, na Bukoba huchelewa dakika nne au tano zaidi. Anayesikiliza adhana ya Dar es Salaam redioni akaswali Magharibi Busisi, ameswali kabla ya wakati na swala haijasihi. Anayefunga Sita za Shawwal safarini, akafuturu kwa adhana hiyo, amekula mchana.

Swala ya faradhi haiswaliwi ndani ya gari linalokwenda maadamu mnaweza kusimama, na katika barabara hii mnaweza. Sunna zinafaa kwenye kiti, uso ukielekea gari linakokwenda.

Mtume (s.a.w.) amewaelekeza watu watatu wanaosafiri pamoja wamteue mmoja wao awe amiri. Tunalisisitiza hili kwa vijana, kwani amiri ndiye atakayesema hapa tunaswali, hapa fulani anamwachia fulani usukani, na hapa mwendo ni kilomita 50 kwa saa kwa kuwa tumeingia makazi ya watu. Hesabu ya pesa pia iwe kwake, iandikwe tangu Mwanza. Ama dada wanaotaka kufuatana na kundi la marafiki, safari ya matembezi katika madhehebu yetu inahitaji mume au maharimu, kwa hadithi zilizo katika Bukhari na Muslim. Wapo wanazuoni wa sasa wanaoruhusu pakiwa na amani na wanawake waaminifu, ila ruhusa hiyo haigusi msichana mmoja katikati ya vijana wanne.

Wallahu a'lam.