Feni yazunguka, kompyuta yasema sifuri: historia fupi ya vipimajoto vya kompyuta

Leo sizungumzii programu mpya. Nataka tuzungumze juu ya namba mbili ambazo wengi wetu huzitazama bila kuuliza zimetoka wapi: kasi ya feni na joto la prosesa.

Ukiunda kompyuta yako mwenyewe, ubao mama umenunua huku, prosesa kule, feni Luthuli Avenue na kasha kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba, namba hizi ndizo utakazotazama kwanza. Na mara nyingi ndizo zitakazokupoteza kwanza. Zina historia yake, na anayeijua historia hiyo huokoa pesa. Haya, tuanze.

Kiwandani kwanza

Naandika kutoka Kericho, na huku ni vigumu kumpata mtu asiye na ndugu aliyefanya kazi kwenye chai. Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza Limuru mwaka 1903. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa huku kwetu. Baadaye wakaja wakulima wadogo, na mwaka 1964 ikaundwa KTDA kuwasimamia. Kiwanda cha chai, kiwe cha kampuni au cha wakulima, hutegemea vitu viwili: feni na kipimajoto.

Majani mabichi yakifika humwagwa juu ya vitanda virefu vya wavu. Chini ya wavu feni kubwa husukuma hewa ili majani yanyauke. Msimamizi hutazama vipimajoto viwili vilivyowekwa pamoja, kimoja kikavu na kingine kimefungwa kitambaa chenye maji. Tofauti kati ya viwili hivyo humwambia hewa ina uwezo gani wa kunyonya maji. Siku ya mvua tofauti huwa ndogo sana. Hata feni izunguke namna gani majani hayanyauki vizuri, na hapo huongezwa hewa ya moto.

Mjomba wangu aliifanya kazi hiyo miaka mingi. Hakuamini kipimajoto peke yake. Alichukua konzi ya majani, akayafinya, kisha akafungua kiganja aone kama yamebaki donge au yametawanyika. Namba na kiganja vikipingana, alikwenda kwanza kutazama kipimajoto kimening'inizwa wapi. Karibu na mlango kitasoma baridi, karibu na njia ya hewa ya moto kitasoma joto. Chenyewe ni kizima, ila kinapima mahali pengine. Shikeni neno hilo, tutalihitaji.

Enzi ambazo hakuna aliyepima

IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na feni moja tu, nayo ilikaa ndani ya pawa saplai. Prosesa yake, Intel 8088 ya megahezi 4.77, ilikaa wazi kwenye ubao bila kipande cha chuma juu yake. Hakuna aliyekuwa na haja ya kujua joto lake.

Mambo yalibadilika ilipotoka Pentium mwaka 1993. Zile za kwanza za megahezi 66 zilitumia volti 5 na kutoa joto la hadi wati 16 hivi. Ikabidi prosesa ivalishwe hitsinki, yaani lile bamba la alumini lenye mapezi, na juu yake feni ndogo. Hapo likazuka swali: feni hiyo ikifa usiku, nani atajua?

Jibu lilikuja katikati ya miaka ya 1990 kwa chipu kama LM78 ya kampuni ya National Semiconductor. Ilikaa kwenye ubao mama, kazi yake kupima volti, joto na kasi ya feni. Lakini kihisi joto chake kilikuwa ndani ya chipu yenyewe, kwa hiyo kilipima joto la pale ilipokaa kwenye ubao. Kwa prosesa, watengenezaji wa ubao mama waliweka kihisi kidogo katikati ya soketi, chini ya prosesa, mahali ambapo kinapata joto la hewa iliyo pale zaidi ya joto la prosesa yenyewe. Ni kile kipimajoto cha mlangoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo Intel ikaanza kuweka daiodi ya kupimia joto ndani ya prosesa, na namba zikaanza kukaribia ukweli.

Kisanduku cha 255

Sasa tuje kwenye feni. Feni yenye nyaya tatu hupata umeme kwa nyaya mbili, na waya wa tatu hutoa mapigo mawili kila feni inapozunguka mara moja. Ungedhani chipu inahesabu mapigo kwa dakika. LM78 haikufanya hivyo. Ilikuwa na saa yake ya ndani inayogonga mara 22,500 kwa sekunde, na ilihesabu saa hiyo imegonga mara ngapi wakati feni inamaliza mzunguko mmoja. Hesabu hiyo iliwekwa kwenye kisanduku cha biti 8, ambacho hakipiti 255.

Angalia maana yake. Feni ikienda haraka, hesabu ni ndogo. Feni ikienda polepole, hesabu inakua, na ikifika 255 kisanduku kimejaa. Programu ikiona kisanduku kimejaa inaandika sifuri, yaani feni imesimama.

Ili kukabiliana na hilo chipu ilikuwa na kigawanyo cha kupunguza kasi ya ile saa: 1, 2, 4 au 8. Kasi ya feni kwa dakika ni 1,350,000 ukigawanya kwa hesabu iliyo kisandukuni, kisha ukagawanya kwa kigawanyo. Kigawanyo cha kawaida kilikuwa 2. Piga hesabu mwenyewe: kwa kigawanyo cha 2, feni yoyote iliyo chini ya mizunguko 2,650 hivi kwa dakika inasomeka sifuri. Kwa kigawanyo cha 8 unaweza kushuka hadi 660 na ushee.

Waliobuni chipu hiyo walijua walichokuwa wakifanya. Feni za wakati wao zilikuwa ndogo na za kelele, mizunguko 4,000 na zaidi. Miaka kadhaa baadaye watu walichoka kelele, wakanunua feni kubwa za sentimita 12 zinazozunguka taratibu. Chipu zilizofuata zilirithi hesabu ileile. Feni ikatulia, namba ikafa.

Kwa upande wa Linux, kufikia mwaka 1998 Frodo Looijaard na Philip Edelbrock walikuwa wakiandika lm_sensors, programu huria ya kusoma chipu hizi. Walikutana na tatizo ambalo lipo hadi leo: chipu haijui imeunganishwa na nini. Inajua tu kwamba kuna joto la kwanza, la pili na la tatu. Lipi ni la prosesa? Anayejua ni aliyetengeneza ubao mama, na mara nyingi hakuandika popote. Ndiyo maana hadi leo unaona majina kama temp1 na temp2.

Moshi wa mwaka 2001

Kwa nini tujali? Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video iliyozunguka dunia nzima. Waling'oa hitsinki kwenye prosesa nne zikiwa zinafanya kazi. Pentium 4 ilijipunguza kasi na kuendelea na mchezo. Pentium III ilikwama. Mbili za AMD zikaungua, moshi ukatoka. Mojawapo ya hizo mbili ilikuwa na kihisi joto ndani yake tayari, lakini ubao mama haukukata umeme kwa wakati. Kipimajoto ambacho hakuna anayekisikiliza ni pambo tu.

Na kuna hasara ya upande wa pili, ile ya kusikiliza namba isiyo sahihi. Mwaka 2007 mwenye saiba mmoja hapa Kericho aliniita. Mashine iliyokuwa serva ya saiba yake aliiunda mwenyewe, na vipande alivinunua kwa bonasi ya chai ya mama yake. Kila asubuhi ilikwama kabla ya kuwaka, ikaandika kwamba feni ya prosesa ina hitilafu. Fundi mmoja alikuwa ameshatoa hukumu: ubao mama umekufa, leta elfu nane.

"Ndugu yangu," akaniambia, "bonasi nyingine ni Oktoba. Nikifunga mpaka Oktoba wateja wote watahamia kwa jirani."

Tulifungua kasha. Feni ilikuwa inazunguka, kubwa, taratibu. Aliibadilisha mwezi uliopita kwa sababu ya kelele. Tukaingia Linux na kuita namba: feni 0, temp1 nyuzi 33, temp2 nyuzi 79, temp3 nyuzi 127. Fundi alikuwa ameona 0 na 127 akatosheka.

Tukaweka kigawanyo kuwa 8, na papo hapo feni ikasoma 1318. Ile 127 ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 8 zenye alama ya kujumlisha na kutoa. Maana yake hapo hapajaunganishwa kitu. Iliyobaki ni 79, na hiyo ndiyo ilikuwa ya kweli. Mapezi ya hitsinki yalikuwa yamejaa vumbi kama blanketi, na kishikizo kimoja kilikuwa kimeachia. Tukasafisha, tukapaka krimu mpya ya kupitishia joto, tukabana vizuri, ikashuka hadi 54. Mwisho tukaiambia BIOS iache kukagua feni hiyo. Yule fundi alishika namba mbili za uongo, akaiacha ya kweli, na karibu bonasi ya mama wa watu iende na maji.

Namba za leo

Usidhani hayo yameisha. Prosesa za Intel za kuanzia mwaka 2006, zile za ukoo wa Core, zina kihisi cha kidijitali ambacho hakisemi joto. Kinasema zimebaki nyuzi ngapi kufikia kikomo. Programu huchukua kikomo, ikatoa hizo zilizobaki, ikakuonyesha jibu. Ikidhani kikomo ni 85 na kumbe ni 100, kila namba utakayoiona imepungua kwa nyuzi 15. Mwaka 2017 ilikuwa zamu ya AMD: Ryzen 7 1700X na 1800X zilionyesha joto lililoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi ili feni ziendeshwe kwa utaratibu mmoja. Aliyenunua hitsinki mpya kwa sababu hiyo alipoza nyuzi 20 ambazo hazikuwepo.

Na sisi wa Kericho na Bomet tuna jambo letu. Tuko juu, karibu mita 2,000 na zaidi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 93 hivi, kwa hiyo ukijaribu kipimajoto kwenye sufuria ya Kericho kikakataa kufika 100, usikitupe. Hewa yetu pia ni nyepesi, pungufu karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Feni yenye mizunguko 2,000 huku inasukuma hewa pungufu kwa kiasi hicho. Kinachotuokoa ni baridi: hewa inayoingia kwenye kasha ni baridi kuliko ya pwani. Lakini ukipeleka kasha kwenye chumba kilichofungwa, chenye moshi na vumbi, umepoteza faida hiyo.

Kwa hiyo, kabla hujanunua kitu chochote, fanya haya:

1. Washa mashine asubuhi baada ya kulala usiku kucha, na uingie moja kwa moja kwenye BIOS. Kihisi cha ubao kinatakiwa kiwe karibu na joto la chumba. Kinachosoma chini ya joto la chumba kinakosea.

2. Ipe prosesa kazi nzito kwa dakika kumi. Namba inayopanda haraka na kushuka haraka ndiyo ya prosesa. Isiyotikisika kabisa labda haijaunganishwa.

3. Feni ikisoma sifuri, itazame kwa macho na uisikilize kabla ya kuhukumu. Kisha kagua kama waya wa tatu uko mahali pake.

4. Mashine ikijizima yenyewe au ikipunguza kasi, iamini hiyo kuliko namba yoyote nzuri iliyo kwenye skrini.

Kiwandani kiganja hakijawahi kuchukua nafasi ya kipimajoto, wala kipimajoto hakijachukua nafasi ya kiganja. Viwili hivi vikikubaliana, endelea na kazi. Vikipingana, uliza kwanza kipimajoto kimening'inizwa wapi.

Kwa leo naishia hapa. Safisheni vumbi, na tuonane wakati mwingine.